Mtungi wa Kumrudisha Dada

Kitahana, Jumapili, Agosti 1976

Leo jua limechomoza jekundu kwa sababu ya moshi. Watu wanachoma nyasi mabondeni, na majivu yameangukia nguo nilizoanika. Nimezikung'uta, zikachafuka zaidi. Tangu asubuhi nina hasira, na sasa jua linazama, bado ninazo.

Likizo inakaribia kwisha. Nilidhani nitaimaliza kwa kusoma.

Dada Yustina, mkubwa wetu, alirudi nyumbani siku chache baada yangu, mtoto mgongoni, jicho moja limevimba hadi limefumba. Hakuna aliyemwuliza anaumwa wapi. Mama alimwuliza, "Umemfanya nini mwenzio?" Kisha akamchemshia maji ya chumvi, akamkanda taratibu mpaka akasinzia. Mambo hayo mawili yametoka kwa mtu mmoja, nami sijui niyapatanishe vipi.

Juzi tulikuwa tunamenya mihogo nyuma ya nyumba, sisi wawili. Dada akaanza kusema bila kuniangalia. Kupigwa, alisema, watu wanakuona, jicho linajieleza lenyewe. Liko jingine lisiloonekana. Usiku akikataa, kukataa kwake si neno mbele ya mumewe, Melkiori. Anashikwa kwa nguvu, na asubuhi anatakiwa apike uji kama hakuna kilichotokea. Alimweleza Mama mwaka jana. Mama akamjibu kwamba mume hawezi kumbaka mke wake, na kwamba ndivyo nyumba zinavyojengwa.

Nilikuwa na swali mdomoni: kwa nini hukuondoka mapema? Nikalimeza. Nilihisi kwamba swali hilo lingemweka yeye kizimbani badala ya Melkiori. Nikasema tu, "Nimekuamini, Dada."

Akaacha kumenya. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Kisha tukamenya mihogo yote iliyobaki, hata ile ya kesho.

Leo baada ya ibada wakaja. Melkiori, baba yake mdogo, na mtungi wa pombe ya ndizi umefungwa nyuma ya baiskeli kwa kamba za migomba. Balozi wa nyumba kumi akawafuata. Harufu ya pombe humfikia kabla ya habari. Kwetu mke aliyekimbia hurudishwa hivyo. Mtungi huwekwa katikati, mirija hutolewa ndani, na baba wa mwanamke akishavuta, kesi imekwisha. Mwenye kulia, analia akiwa njiani kurudi.

Nilikaa mlangoni, nikisingizia kuchambua maharage.

Baba mdogo wa Melkiori alizungumza vizuri sana. Alisema kijana amejuta. Alisema mume na mke ni meno na ulimi, hukaa pamoja na hawakosi kuumana. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikawaza kwamba katika methali hiyo meno hayajawahi kutoka damu.

Melkiori alikuwa ametazama chini kwa adabu. Ana sauti laini. Ukimwona unampa mtoto akushikie.

"Mzee," balozi akamwambia Baba, "maneno hayachachi. Pombe inachacha."

Wakacheka. Baba naye akacheka. Akaita, "Yustina! Lete mirija."

Dada alikuwa chumbani ananyonyesha. Hakujibu. Baba akaita tena, safari hii bila kicheko. Hakutoka. Nikafurahi, maana nilidhani bila mirija hakuna kesi.

Mama akainuka jikoni. Akaichukua mirija pale inapochomekwa kwenye paa, akaifuta kwa kanga, akaipeleka.

Nilitaka kumchukia. Lakini alipopita karibu nami nilikumbuka Dada aliwahi kuninong'oneza kwamba Mama naye alirudishwa hapa kwa mtungi, kabla mimi sijazaliwa.

Baba akavuta. Baba mdogo akavuta. Melkiori akavuta. Balozi ndiye aliyevuta mvuto mrefu kuliko wote.

Hapo Dada akatoka. Mtoto begani, jicho limebaki na kivuli cha manjano. Akapiga magoti kama inavyopasa, akasalimia kila mmoja. Halafu akasema, "Mimi sijanywa. Waliokunywa na waende wao wakakae naye."

Melkiori alimtazama mara moja tu, na macho yale hayakuwa laini. Nadhani nimeyaona macho anayoyajua Dada.

Wageni wameondoka na mtungi nusu. Baba anasema amekwisha kunywa pombe ya watu na hawezi kuitapika. Jumanne Dada awe kwa mumewe, au popote, si hapa.

Nimemwuliza Dada anataka nini. Nimegundua kwamba tangu afike hakuna aliyemwuliza hilo, hata mimi. Anataka kwenda Kasulu kwa Shangazi Skola, anayeshona nguo barazani kwa duka moja mjini. Lori la mahindi linapita barabarani kesho asubuhi. Haogopi safari. Anaogopa kuonekana akitoka peke yake, kwa sababu hapa mwanamke anayetoka peke yake huitwa aliyefukuzwa, na jina hilo hufika mjini kabla yake. Akisindikizwa na mtu wa nyumbani, ana kwao.

Baba amesikia. Amesema atakayemsindikiza asimtazame tena yeye, Baba, usoni.

Ninampenda Baba. Ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa mkaa, juu ya ukuta. Naandika hili huku nalia, na sijui kama ni kwa ajili ya Dada au kwa ajili yake.

Mimi ni mtu wa kupita vichakani ili nisisalimiane na watu. Dada angeweza kupita huko nami, asubuhi na mapema, na hakuna ambaye angetuona. Lakini kusindikiza kusikoonekana hakumsaidii kitu.

Kwa hiyo kesho tutangoja jua litoke. Nitambeba mtoto mgongoni, na tutapita barabara kubwa, mbele ya mlango wa balozi. Nitamwamkia kwa sauti. Akiuliza tunakwenda wapi, nitamwambia: namsindikiza dada yangu.