Mfuniko wa Mtaro

Rahma, nimetoka halmashauri na dada Luciana sasa hivi, na bado nina hasira.

Unajua alivyovunjika mguu. Alikuwa anawahi basi la Singida na dumu lake la mafuta ya alizeti, akatumbukia kwenye mtaro. Watu wa halmashauri walikuwa wameutoa mfuniko ili wazibue, wakaondoka bila kuurudisha. Hata tawi la mti hawakuweka pale.

Leo kaenda na magongo yake, kapanda zile ngazi mwenyewe, kataka kuonana na injinia wa mitaro. Yule bwana hata kiti hakumpa. Eti, "Mama, ungeangalia unapokanyaga."

Ungeangalia unapokanyaga. Anamwambia mtu mwenye vyuma mguuni.

Luciana hakupandisha sauti. Kamuuliza, "Mfuniko aliutoa nani?"

"Tuliutoa sisi, tulikuwa tunasafisha. Lakini wewe unapita pale kila siku, njia unaijua."

"Naijua. Kila siku napita juu ya mfuniko."

Shoga, yule bwana akaanza kuhangaika na simu yake.

Hapo Calist, yule wakili wa msaada wa kisheria niliyekwambia, tuliyekwenda naye, akamwomba arudie alichosema kuhusu kutoa mfuniko. Akagoma. Calist akamwambia hamna shida, atarudia mbele ya hakimu.

Luciana kashuka ngazi polepole, na sasa analia. Wala sio maumivu ya mguu. Kaniambia, "Angesema tu pole, ningerudi nyumbani."