Wimbo Ulioanzwa Satellite

Satellite, Riruta,
Nairobi.
Alhamisi.

Kwako dada yangu Roda,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Huku jua limetuficha uso wiki nzima, na watu wanatembea wameinamisha vichwa kama wanaotafuta kitu walichoangusha. Natumai magoti yako yametulia, na yule ng'ombe wa madoa amezaa salama. Mimi mwili upo, ila mkono wa kushoto umenigomea, na habari hiyo nitakueleza. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe unasikia nusu, na nusu nyingine inasikika kwa kila aliyeketi jikoni mwako. Haya nataka uyasome peke yako. Barua hii atakukabidhi Mama Beatrisi, jirani yangu, anayesafiri kesho.

Kwanza nambie kuhusu kaka yetu Yohana. Wewe husema anajikaza. Meshaki, mwanawe, husema anapumzika. Nimesoma vya kutosha maishani kujua maneno yanayowekwa mahali pa maneno mengine. Je, anakula? Anajigeuza mwenyewe kitandani? Sauti yake ipo? Hilo la mwisho nalitaka kuliko yote, na ukisoma hadi mwisho utajua ni kwa nini.

Unakumbuka tulipochomewa nyumba kule mashambani Bonde la Ufa, ninyi mkarudi kwa baba na mimi nikaja huku nikiwa na gita mgongoni, nikidhani ni kwa msimu mmoja. Gita hilo ndilo lililonilisha. Hata sasa, kila Ijumaa jioni, napiga katika hoteli ndogo kule Hurlingham, watu wa ofisi wakila na kuufunika muziki wangu kwa mazungumzo. Sijali. Lakini baridi ilipoanza, kidole cha pete na kile cha mwisho viliacha kusikia. Daktari alividunga kwa pini akaniuliza kama nasikia. Nikasema ndiyo. Akaniambia nifumbe macho, akauliza tena, nikanyamaza, na hapo nikatambua kwamba mara ya kwanza nilikuwa nimeiona tu ile pini. Alinieleza kwa upole kwamba nianze kuzoea kuishi bila gita.

Kuna mtu aliyewahi kunionyesha banjo, zamani, ile inayofanana na gita lakini tumbo lake ni duara lililowambwa ngozi, na nikakumbuka shingo yake ilivyo nyembamba. Nyuzi zake ni laini kuliko za gita, tena hufungwa kwa namna ambayo hata usipobana popote, ukipitisha kidole tu zinatoa sauti zilizokwisha kupatana. Nikasema moyoni: chombo hiki mtu mwenye vidole viwili anaweza kuishi nacho.

Banjo za dukani mjini nilizisalimia nikapita. Nikapanda orofani katika jengo moja la River Road kwa fundi wa vyombo, kijana Mkikuyu mwenye maneno mengi. Banjo moja ilikuwa imetundikwa nyuma ya spika zilizopasuka, nyuzi zimelegezwa zote, ngozi yake ni ngozi kweli, ya mnyama, si plastiki.

"Guka, hiyo ukitaka chukua," akaniambia, akiniita babu kwa Kikuyu chake. "Watu wakiingia hapa wanauliza kama ni gita ama ni sufuria."

Nikamuuliza ni ya nani.

"Ya mzee mwingine. Aliileta nibadilishe ngozi, akasema anarudi."

"Na hakurudi?"

"Nimemngoja mpaka nikaacha kumngoja."

Alitaka bei ya ndama, nami nilikuwa na bei ya mbuzi. Kwa kuwa kigingi kimoja cha kukazia nyuzi kilikuwa na ufa na haikuwa na mfuko wake, tuliishia kwenye mbuzi. Akaivingirisha kwenye gunia. Niliposhuka Dagoretti Corner, mama anayechoma mahindi pale akaniuliza kama siku hizi wanaume nao wananunua nyungo. Nilicheka, Roda. Nakutajia kicheko hicho kwa sababu sijakipata kingine tangu siku hiyo.

Nyuzi zenyewe za banjo ni ghali na hazipatikani ovyo, kwa hiyo nilitumia nyuzi nyembamba za gita. Zina kidonge cha shaba mwishoni. Nikakiponda kwa koleo, kikatoka, kikabaki kitanzi, na kitanzi ndicho banjo inachotaka. Kigingi chenye ufa nikakifunga kwa uzi na gundi. Kidaraja kinachobeba nyuzi hakikugandishwa popote. Kinasimama juu ya ngozi kwa mkazo tu, na kikisogea upana wa ukucha kila kitu kinaharibika. Ngozi nayo inakunywa baridi. Asubuhi inalegea na sauti inashuka, mpaka niisogeze karibu na jiko. Binti yangu Lidia alinisikiliza jioni ya kwanza akasema, "Baba, hiyo ni mabati yakinyeshewa." Nikamwambia anipe muda.

Shida yangu ilikuwa kidole gumba. Kwenye gita, uzi ulio karibu na kidole gumba ndio mzito kuliko wote, na gumba langu limekwenda pale maisha yangu yote kutafuta sauti ya chini, kama mguu unavyotafuta ngazi gizani. Kwenye banjo, mahali hapohapo pana uzi mfupi, unaoanzia katikati ya shingo, na ndio wenye sauti ya juu kuliko zote. Kila nilipoteremka kutafuta sauti nzito, nilijibiwa na mlio mwembamba, uleule, kama mtu anayeita jina moja kutoka ng'ambo ya mto. Sikuweza kuuzuia. Nilipiga mazoezi yaliyo kwenye simu ya Lidia, nikachoka nayo, na Jumamosi mchana, nyumba ikiwa tupu, nikaiachia mikono ifanye inavyojua.

Mikono ikapiga litungu la baba.

Nakuapia sikukusudia. Ngozi ile, na ule mlio usiobadilika juu ya mingine, vilitoa sauti ya kile kinubi chake cha ngozi sawasawa, na vidole vikaifuata. Nilikuwa nimefika ukingoni mwa sehemu yangu ndipo nikaitambua. Ulikuwa wimbo wa kusindikiza.

Siku baba alipotufundisha, mimi na Yohana, wewe ulikuwa umeambiwa ubaki jikoni na mama, na huenda hukuelezwa. Mimi alinipa mwanzo. Yohana alimpa mwisho, akiwa amenitoa nje. Alisema wimbo ule hupigwa mbele ya mwili tu, na kwamba ameugawa ili asitokee mtu wa kuupiga kwa mchezo: mwenye mwanzo hana mwisho, mwenye mwisho hana mwanzo. Tukauliza ikitokea mmoja ameuanza peke yake je. Akasema wimbo ulioanzwa ukaachwa wazi hutafuta mtu wake. Tangu hapo tumeupiga kwenye mazishi yake mwenyewe, na ya mama. Nilianza, Yohana akafunga. Kwa miaka yote hii sijaupiga mahali pengine popote, hata kwa kuuvumisha.

Nilikuwa bado nimeishika banjo pale mlango ulipogongwa. Alikuwa Mama Beatrisi, leso mabegani, viatu mkononi, kama anayeingia penye msiba. Mama huyu kwao ni ng'ambo tu ya mto wetu, na alimsikia baba akipiga kwenye matanga mengi.

"Baba Lidia," akasema. "Ni nani?"

Nikamwambia hakuna. Nikamwambia najifunza chombo kipya.

Akaitazama ile banjo. "Huo si wimbo wa kujifunzia," akasema, akarudi kwake, viatu bado mkononi.

Unanijua. Mimi si mtu wa kuogopa manyoya ya bundi. Nilijieleza kwamba wimbo ni mpangilio wa sauti na hewa haina kumbukumbu. Lakini nilijaribu kuufunga. Niliketi Jumapili, badala ya kwenda kanisani, nikitunga mwisho wangu mwenyewe. Nilijaribu kuteremka polepole, nikajaribu kukata ghafla, nikajaribu hata mwisho wa tenzi za kanisani. Kila mmoja ulisikika kama mtu anayejifanya amelala. Nikampigia Yohana simu. Akashika Meshaki, akasema mzee anapumzika. Jumatatu vivyo hivyo. Jumanne nilimsihi aiweke simu sikioni mwa baba yake, akasema si vizuri kumwamsha.

Na ule uzi mfupi umeanza kulia wenyewe. Lori likipita barabarani, au Lidia akifunga mlango, unajibu. Najua sababu: uzi uliokazwa huitikia mtikisiko unaolingana nao, na hilo mtu yeyote wa muziki atakuambia. Nimelijua jambo hilo tangu ujanani, na bado nimeitoa banjo chumbani nikaiweka jikoni.

Jana Meshaki alipiga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa chini, kama mtu aliyetoka nje ya nyumba ili azungumze.

"Baba mdogo, mzee ameamka. Anauliza, nani ameanza?"

Nikamuuliza ameanza nini.

"Hata mimi nilimuuliza. Anasema wewe utajua."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Beatrisi kumuuliza amemwambia nani huko nyumbani. Ameapa kwamba hajamwambia mtu, na ameudhika na swali langu. Labda amesahau. Labda alimtajia dada yake kwenye simu, na maneno yakavuka mto yenyewe, kama maneno yanavyofanya. Nataka iwe hivyo. Tafadhali, Roda, ulizia huko. Ukipata mtu mmoja tu aliyeambiwa, nitumie habari nipate usingizi.

Lakini Meshaki hakuwa amemaliza. Yohana ametuma neno jingine: "Mwambie aje, nimpe mwisho."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Unakumbuka baba alitufundisha wimbo ule lini? Si katika nguvu zake. Alitufundisha alipokwisha kuacha kuuliza habari za shamba. Mtu haitoi sehemu yake maadamu bado anaihitaji. Yohana akinipa mwisho, mimi nitakuwa na wimbo mzima, naye hatakuwa na kitu mkononi cha kumzuia asiende. Nisipokwenda, wimbo uko wazi, na ni mimi niliyeufungua. Nimegeuza jambo hili tangu jana na sioni upande wake usio na makali. Lidia anasema ni maneno ya mgonjwa, na ninywe chai. Nimekunywa.

Nimeamua kuja. Jumamosi nitakuwa njiani, na banjo nakuja nayo. Nitazilegeza nyuzi zote kabla ya kutoka, kama nilivyozikuta kule River Road, isije ikalia yenyewe safarini. Sasa sikiliza ninachokuomba, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Kati ya kuisoma barua hii na kufika kwangu, usimwache Yohana peke yake na ukimya. Ukimsikia anaanza kuuvumisha wimbo, mpe uji. Mzungumzishe. Mkumbushe ule mpaka wa shamba na majirani, umkasirishe kidogo. Hasira ilimfaa siku zote. Mtu yeyote asimwombe aimbe, hata mchungaji.

Nisalimie shemeji, mke wa Yohana, na umwambie najua asivyolala. Msalimie Meshaki, anishikie simu karibu. Wajukuu wako wasalimie wote, hasa yule anayeitwa jina la mama. Lidia anakusalimia, ameweka ndani ya bahasha dawa ya magoti.

Na Yohana umpe salamu hizi kama zilivyo, usizipunguze. Mwambie ni mimi niliyeanza, na nimesikia wito wake, nakuja. Lakini umwambie pia kwamba chombo nilichonunua ni kigeni, gumba langu halijakizoea, vidole viwili havisikii, na kichwa ni kigumu kama alivyozoea kusema. Mwisho huo hataweza kunifundisha kwa siku moja, wala kwa msimu mmoja. Mwambie mwanafunzi anayekuja ni mzito sana, Roda. Ajipange.

Mimi ndugu yenu, niliyewafuata tumboni mwa mama,
Elisha