Mapaja ya Haji Khalaf

Jumatano, 9 Aprili 2025
Wanaume wamejaa sebuleni tena! Tangu utawala wa zamani wa Dameski uanguke, nyumba yetu imegeuka bunge la mji wa Hasaka. Serikali mpya itatuacha Wakurdi tujitawale, haitatuacha? Polisi wawe wa nani? Wao wanabishana, chai napika mimi. Leo Baba kaja na dawa yake ya ugomvi na Waarabu: mdogo wangu Rezan atahiriwe Ijumaa ya wiki ijayo, na wa kumpakata awe Haji Khalaf, jirani yetu Mwarabu. "Tukiwa na kirivi Mwarabu, nani atatugombanisha mtaani hapa?" Wakapiga makofi. Mimi nikamwaga chai.

Alhamisi, 10 Aprili 2025
Kirivi! Damu ya mtoto ikimdondokea mapajani aliyempakata, nyumba mbili huwa ndugu. Na ndugu hawaoani. Muteb wangu ni mwana wa Haji Khalaf! Miaka miwili tunangoja hali itulie aje kuniposa. Imetulia wapi! Baba anaziba ufa kwa kunijengea mimi ukuta.

Nimempigia Muteb. Eti baba yake amelia kwa furaha. "Nimwambieje, Zozan? Aikatae heshima ya Wakurdi? Si mtasema Waarabu tumeshaanza ugomvi?" Mwoga! Halafu nikakumbuka hata mimi sijafungua mdomo.

Jumapili, 13 Aprili 2025
Nimemwambia Mama kuhusu Muteb. Akaacha kukunja wali ndani ya majani ya mzabibu.
"Ungesema kabla baba yako hajatangaza. Sasa akimwondoa Haji, watu watasema Wakurdi wamemtema."
"Na mimi je?"
"Wewe utapata mwingine, mwanangu. Jirani hatumpati mwingine."
Heri angenizaba kofi.

Jumanne, 15 Aprili 2025
Nilimfuata Baba bustanini. Nikasema, "Baba, kuhusu Haji..." Akadakia: "Hata wewe umefurahi, eh?" Amekonda kwa mikutano. Nikamwambia ndiyo. Ndiyo! Ulimi huu!

Ijumaa, 18 Aprili 2025
Zumari la zurna linalia uani, ngoma inaitikia. Haji Khalaf ameketi, taulo jeupe mapajani. Daktari ameshanawa.

Rezan hataki! Anapiga mateke, anang'ang'ania nguzo. Baba amembembeleza, Mama kamwahidi baiskeli — wapi! Wazee wa pande zote mbili wanatazamana. Mmoja kasema kwa sauti, eti mtoto kafundishwa nyumbani kumwogopa Mwarabu.

Baba yuko chini ya dirisha langu. "Zozan! Anakusikiliza wewe tu. Njoo umkalishe mapajani kwa Haji!"

Naandika nimesimama. Muteb yuko kwenye mlango wa ua, anatazama viatu vyake. Rezan ameniona dirishani, ameiachia nguzo, ananinyooshea mikono.