Baka la Elieshi Halitolewi

Mama Elieshi,

Maharage yako jikoni, yapashe. ~~Samaki wako kwenye friji.~~ Samaki nimebadili mawazo, tumeondoka nao. Mimi na mjukuu wangu tuko mtaa wa Gerezani kwa wifi yako mpaka Jumamosi, siku ya sendofu yake, tunapomuaga kabla ya harusi. Sare za shule nimebeba.

Asubuhi nimekukuta umemkalisha mtoto kwenye kigoda, unataka kumpaka ile krimu ya kutoa madoa uliyonunua kwa machinga. Eti baka jeusi shavuni litaharibu picha za sendofu, limekaa kama nzi kwenye chai. Mimi pia ninalo, shavu hilohilo, mwaka wa sabini na mbili huu. Nilikusikia vizuri, mwanangu.

Daktari alikwambia mbele yangu: amezaliwa nalo, halina ubaya, lisikwanguliwe wala kupakwa kitu. Liangaliwe tu. Likikua, likibadilika rangi au umbo, likiwasha au likitoa damu, arudishwe hospitali. Hayo hukuyashika, bei ya krimu umeishika.

Nimeijaribu kwenye sahani zako za maua, zile za wageni. Maua yametoka yote. Sasa fikiria shavu.

Nguo zikikauka uzianue.

Jumamosi tutakaa meza ya mbele, mashavu yetu upande mmoja. Mpiga picha nimeshamwambia asogee karibu kabisa. Picha moja kubwa itatundikwa sebuleni kwako, juu ya televisheni.

Mama mkwe wako