Ngozi ya Paja Lako, Mwanangu

Safotu, Savai'i
9 Julai 2014

Mpendwa mwanangu Pesamino,

Nakusalimu kwanza, mengine baadaye. Baba yako Ulisese anakusalimu, kikohozi kimemwachia na ameanza tena kunikosoa mapishi. Bibi Matalena anakusalimu, masikio yake bado yanasikia yale yanayoyataka tu. Dada yako Sieni anakusalimu pamoja na tumbo lake, ambalo sasa linamtangulia mlangoni. Sisi wazima. Wewe je, baba? Unakula? Unapata usingizi? Maumivu yamepungua?

Shangazi yako Telesia alitupigia simu kutoka huko Auckland akatueleza yote. Kuni za tanuri la kupikia chakula cha kanisa zilikuwa zimelowa, nawe ukazimwagia petroli. Huku tunawashia makumbi ya nazi, lakini huko ungeyatoa wapi? Sikugombezi. Kwenye simu nalia tu, ndiyo maana naandika, na barua hii nampa mke wa mchungaji, anasafiri kesho.

Shangazi anasema mkono wa kulia ndio ulioungua vibaya, na daktari anataka kuchukua ngozi ya paja aipandikize mkononi. Mawazo hayaniishi. Ati wanaikwangua kwa kitu kama randa ya seremala, kweli? Halafu wanaitoboatoboa ili ivutike kama wavu? Sasa ngozi ya paja ikifika mkononi, inajua kwamba imekuwa mkono? Itatoa jasho? Itaota malaika? Muulize daktari. Mwambie, "Mama yangu hakusoma sana ila anataka kujua."

Kisha Shangazi akasema umekataa, kwa sababu ya pe'a yako, hizo chale zako za wino. Hapo nikakaa chini. Najua ulivyochanjwa, kutoka kiunoni hadi magotini chale tupu, na najua aibu ya mwanamume mwenye pe'a iliyokatika. Lakini daktari amesema ukichelewa vidole vitajikunja visinyooke tena.

Basi nikaenda kwa Lavea, fundi aliyekuchanja, nikamuuliza bila kuzunguka. Akacheka. "Huyo alilia nikizipiga, leo anazililia zikiondoka? Mwambie awape. Pakipona aje nipapige upya, vichana vyangu vya kuchanjia bado vina meno." Nikamuuliza kama chale zitahamia mkononi. Hajui. Anadhani wino kidogo utaonekana, na yeye mwenyewe ana hamu ya kuona.

Bibi aliposikia akauliza, "Kwa hiyo mjukuu wangu atatupakulia magimbi kwa paja?" Sieni alicheka mpaka akashika tumbo.

Baba yako hakucheka. Alisema, "Alichanjwa ili awatumikie wazee. Bila vidole, kikombe cha kava, kinywaji chao cha barazani, atakishika na nini?" Akatoka nje. Nimeligeuza neno lake kila upande, sioni la kumjibu. Wewe unalo?

Kama huna, wape paja, mwanangu.

Nisalimie Shangazi Telesia na mumewe Iakopo, na wauguzi wanaokufunga bendeji. Mungu aushike mkono huo kabla daktari hajaushika.

Ukishasoma, Shangazi anipigie upesi, neno moja tu, umekubali au hujakubali. Simu sitaiacha mbali. Lakini barua itakayofuata iandike mwenyewe, kwa mkono huohuo wa kulia, hata herufi zikienda upogo kama hizi zangu.

Ni mimi mama yako, nikupendaye pamoja na kila kovu,
Fetuao