Pipa Langu la Dizeli

Kijiji cha Hewani, kupitia Garsen
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa ndugu yangu Fondo,

Salamu kutoka huku mtoni, mwenehu, mdogo wangu, nyingi kushinda karatasi hii. Mgongo wako u hali gani? Na mama Nelly, sukari yake imeshuka? Mimi ni mzima, meno yaliyobaki bado yanatafuna mahindi ya kuchoma, na shemeji yako ni mzima, ulimi wake mzima zaidi. Usishangae bahasha kunuka dizeli. Sababu yake utaikuta mbele, usiruke mistari kuitafuta.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe hucheka kabla mtu hajamaliza, na haya ninayotaka kusema sitaki yakatwe na kicheko. Nimesoma mpaka darasa la tatu tu, wajua, lakini darasa la tatu la wakati wetu lilikuwa darasa kweli. Barua hii imenichukua siku nne. Johnson wa lori la maembe atakuletea mkononi.

Kwanza nikupe habari ya ile injini, maana hata sasa nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Mto mwaka huu umeshuka ukakaa chini kabisa, viboko wanaonekana migongo mchana kweupe. Ile mashine yetu ya silinda mbili, ambayo mimi Jefwa nimeilea miaka thelathini na moja na hakuna mwingine aliyeiweza, ilivuta ikakohoa, maji yakafika nusu ya paipu yakarudi. Mpunga wa kikundi, nyumba arobaini, ulikuwa karibu kutoa mashuke. Udongo ukaanza kupasuka, nyufa za kuingia mguu. Ndipo ukatutumia kutoka huko Mombasa injini ya lori, silinda sita, na mwanao Nelly amekaa juu yake na sanduku la spana kama bibi harusi na masanduku yake.

Mimi nilicheka. Nilimuuliza kama amekuja kutupikia. Akanijibu, baba mkubwa, kupika nimekuja kupika, ila jiko langu linakula dizeli. Watu wakavunjika mbavu na mimi nimesimama pale pale. Neno hilo nikaliweka moyoni.

Akasema ina nguvu ya farasi mia mbili na themanini. Mimi farasi nimeona mmoja tu, Malindi ufuoni, naye amekonda. Basi nikahesabu kwa fahali wa Waorma wanaoshuka mtoni kiangazi. Fahali mia mbili na themanini wamefungwa kamba moja, wanavuta maji ya Tana! Nikasema moyoni, uongo.

Ina kitu kinaitwa tabo. Ni kama konokono wa chuma, ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Fondo, ule moshi ambao maisha yangu yote nimeupungia mkono uende zake, hapa haupotei bure. Unapita ndani ya konokono, unazungusha pangaboi dogo, na hilo pangaboi linazungusha jingine upande wa pili, na hilo jingine linasukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Yaani injini inapumuliwa na moshi wake yenyewe. Nani alikaa chini akawaza jambo hilo? Nilimshika yule konokono angali baridi, nikampuliza kwa mdomo, akazunguka. Nikapuliza tena. Siku hiyo nilipuliza mpaka nikashikwa na kizunguzungu.

Nelly akasema kazi kubwa si injini, ni kuilisha. Hewa ikiingia nyingi namna ile na dizeli ikabaki ya kijiko, ni kama kupuliza moto wenye kijiti kimoja. Paipu yangu ya zamani, nyembamba kama mrija wa soda, akaitupa. Akafunga nyingine, kidole gumba kinaingia. Akaweka pampu ndogo ya umeme ya kuvuta dizeli kutoka kwenye pipa, na filta mbili, moja ina kikombe cha kioo chini cha kunasa maji. Akaweka na paipu ya kurudisha pipani inayobaki, maana injini hii hupewa zaidi ya inachokula. Pampu kubwa ya injini yenyewe aliipeleka Malindi ikapimwa, na nozo zote sita zikabadilishwa. Nozo, ndugu yangu, ni sindano, matundu yake huyaoni kwa jicho. Alijaribu moja mbele yangu, dizeli ikatoka kama ukungu wa asubuhi juu ya mto. Nikataka kuugusa. Akanidaka mkono, akasema ukungu huo unapenya ngozi. Nikaurudisha mkono mfukoni. Mwisho akaliosha pipa langu la dizeli mpaka likang'aa ndani, akafunga kifuniko.

Siku ya kuwasha watu wote walikuwepo, hata wageni kutoka Ozi na mwenyekiti wao Pekeshe, maana pampu yao nayo imewashinda. Injini ikaunguruma, maji yakatoka. Halafu, hata chai haijapoa, sauti ikaanza kuzama, ikazima. Ikawashwa, ikazima. Mara tatu. Nelly akafungua hiki akafunga kile, jasho linamtiririka. Mimi nikasema mbele ya watu kwamba huyu ni mtoto, kazi imemshinda, arudi Mombasa akafundishwe upya. Akakusanya spana zake moja moja. Alisema tu, kwaheri baba mkubwa, akaenda.

Siku mbili injini ilikaa kimya na mpunga ukaanza kugeuka rangi. Siku ya tatu, adhuhuri, watu wamekwenda kula, nikaingia bandani peke yangu nikafanya ninayoyajua mimi. Nikawasha.

Fondo! Ardhi ilitetemeka chini ya kandambili zangu. Yule konokono akaanza kupiga mluzi, mwembamba, unapanda, unapanda, kama kitu kinachokuja kutoka mbali sana, na chini ya ule mluzi injini ikawa na sauti nzito iliyonikaa tumboni. Paipu ikatapika. Hayakuwa maji ya bomba yale, ulikuwa mto wenyewe umeinuka ukatembea. Mfereji ambao mashine ya zamani iliujaza kwa siku mbili, ulijaa kabla ya saa tisa. Kambale wanaruka ndani ya mpunga. Yangeyange wakashuka, sijui walitoka wapi, shamba lote jeupe. Wachungaji ng'ambo wakaacha ng'ombe wakasimama kutazama. Wanawake walikuja mbio na miko mkononi. Mimi mzee wa miaka sabini na mbili niliingia mferejini na nguo zangu, maji yakanifika kifuani, nikasimama tu.

Wakanibeba juu. Mzee Jefwa ameweza kilichomshinda fundi wa Mombasa, wanasema. Na mimi nikakubali. Siku kumi na moja nimekubali. Hata wewe nilikupigia nikakwambia mwanao alituharibia na mimi nikatengeneza. Ukanyamaza, kisha ukasema sawa kaka.

Sasa, ndugu yangu, kama umesimama, kaa.

Siku moja kabla ya kuwasha, Nelly alipokwenda kunywa chai kwa shemeji yako, nilifungua lile pipa. Filta zake nilikuwa nimezitazama, ndani ni karatasi. Karatasi! Mimi miaka yote nimechuja dizeli kwa leso. Maji ya mto mekundu mama yetu alituchujia kwa leso na hatukufa, na dizeli ya mitungi ya Garsen huja na mchanga wake. Basi nikakata kipande cha leso ya shemeji yako, nikakikunja mara nne, nikakifunga kwa uzi wa nailoni kwenye mdomo wa paipu, kule chini ndani ya pipa. Sikumwambia mtu. Nilijiambia namsaidia mtoto.

Mashine ya zamani ilinyonya kidogo kidogo, leso ikapitisha. Hii inavuta kama ndama watano kwenye chuchu moja. Nilipoitoa siku ile ya tatu, leso ilikuwa imefyonzwa ndani ya paipu urefu wa kidole, imekaza kama kizibo. Nilichofanya bandani ni hicho tu, kuitoa, na kutoa hewa kwenye paipu kama nilivyomwona Nelly akifanya. Mengine yote ni mkono wake.

Lakini hilo bado ni dogo. Mtu anaweza kukosea kwa kutojua. Siku ile injini ilipokuwa ikizima, Nelly alifunga kipande cha paipu angavu, akatazama mapovu yanavyopita, kisha akaniinamia sikioni, polepole, watu wasisikie. Akasema, baba mkubwa, kuna kitu kimeziba ndani ya pipa, naomba tulifungue. Alikuwa ananikinga, Fondo. Na hapo hapo nilijua. Sikuhisi, nilijua. Nikaiona ile leso ikitolewa mbele ya Pekeshe na watu wa Ozi. Ndipo nikapaza sauti, nikasema pipa langu halifunguliwi na mtoto, na yale mengine ya kurudi Mombasa. Nilimfukuza nikijua yeye ndiye aliye sawa. Na siku mbili nikaacha mpunga wa nyumba arobaini ukauke, nikisubiri adhuhuri isiyo na watu.

Najua alikwambia habari ya pipa. Najua ulinyamaza kwa kuwa mimi ni mkubwa wako. Kile kimya chako kwenye simu kimenikaa kifuani mpaka leo.

Shemeji yako aliikuta leso yake ina pengo, akaja akanusa mikono yangu, akaniambia, wewe mzee, umevaa sifa za mtoto na hata hazikutoshi. Nilimfokea. Halafu Jumatano Pekeshe akatuma ujumbe. Wamepata injini kama hii yetu, Jumamosi hii inayokuja watakuja kunichukua nikawafungie Ozi. Mimi! Mimi ambaye hata namba zilizoandikwa kwenye nozo siwezi kuzisoma. Siku hiyo hiyo ndipo nilipotafuta kalamu.

Msomee Nelly barua hii yote, usipunguze. Mwambie nimemwomba aje Jumamosi. Nilimtukana amesimama mbele ya watu, nataka nimwombe radhi amesimama mbele ya watu wale wale, na Pekeshe aonyeshwe fundi wake ni nani. Asipotaka kuja, sitamlaumu, na nitasema vilevile. Nusu ya kile kipande cha leso ninayo hapa ya kuwaonyesha. Nusu nyingine ndiyo hiyo inayonuka ndani ya bahasha. Mpe. Aitundike gereji, na mtu yeyote akimwambia kazi imemshinda, aielekezee kidole.

Mpunga umetoa mashuke. Injini inavuma ninavyoandika, meza inatetemeka, na konokono anapiga mluzi wake. Nimetoka mara mbili katikati ya barua hii kwenda kumsikiliza.

Msalimie mama Nelly na majirani wote wanaonikumbuka. Shemeji yako anakusalimu, anasema anataka leso mpya, jozi nzima, na mimi ndiye nitakayekwenda kuichagua.

Ni mimi kaka yako,
Jefwa
Mwangalizi wa pampu, Hewani. Si fundi.