Nani Atasoma Maisha ya Weldon

Jumatatu, 9 Machi
Nimekama. Lita sita. Majani chai sikuchuma, matanga bado. Wageni wamemaliza sukari, na wengine hata siwajui.

Weldon tutamzika Ijumaa. Mtoto wangu wa kwanza. Kijiji chote cha Boito hakuna mama aliyezaa mtoto kama yeye. Wakisema najisifu, wacha waseme.

Leo mwenyekiti wa kituo cha kununulia majani chai amekuja amevaa tai. Anataka yeye ndiye asome maisha ya Weldon kaburini. Nimemchukia kuanzia viatu.

Jumanne, 10 Machi
Chelangat, mke wa Weldon, amenisomea karatasi aliyotuachia mwenyekiti. Nilimkatiza ukurasa wa kwanza. Ati Weldon alibeba wagonjwa "chini ya uongozi wangu".

Mwongo huyo. Mvua ikinyesha gari halifiki huku. Weldon alishona machela kwa magunia ya majani, akabeba wagonjwa mpaka lami na jirani yeyote aliyemkuta. Bure. Miaka mingi. Aliomba machela aiweke stoo ya kituo isilowe. Mwenyekiti akaitupa nje, akasema kituo ni cha majani, si cha wagonjwa.

Jumatano, 11 Machi
Kamati ya mazishi imekaa. Wamesema mama wa marehemu hukaa kwa kiti, haongei, maana atalia aharibu ibada. Mimi nimezaa watoto saba na sijaharibu kitu. Nikawaambia mwenyekiti akisoma ile karatasi nitaipasua mbele ya pasta. Shemeji yangu akaniita mkali.

Ndiyo, mimi ni mkali.

 Chelangat alikuwa anapiga pasi shati la kumzikia.

Ijumaa, 13 Machi
Tumezika.

Mwenyekiti alisimama na karatasi yake. Na mimi nikasimama. Nikamnyang'anya maikrofoni. Ilikuwa na jasho lake.

"Kaa chini, mwenyekiti," nikamwambia. "Huyu ulimfukuza na machela yake kwa mvua."

 Akakaa.

Nikasema yote. Wagonjwa. Yule mama aliyejifungua njiani katikati ya majani chai, Weldon akamshikia mwavuli huku ameangalia kando. Nikasema moyo huo aliutoa kwangu. Watu walicheka, wakalia. Mimi sikulia hata kidogo.

Nilimshinda.

Jumamosi, 14 Machi
Nimeokota ile karatasi chini ya viti nikitaka kuwashia moto. Nikaisoma kwanza, polepole, mpaka mwisho.

Ukurasa wa pili mwenyekiti ameandika Chelangat. Ameandika watoto wao wote watatu, kila mmoja na darasa lake. Baba aliyependa nyumba yake, amesema.

Mimi niliongea karibu saa nzima. Sikuwataja hata mmoja.

Jumatatu, 16 Machi
Asubuhi nimemkuta Chelangat anachuma. Nikaingia mstari wa pili. Tulichuma mpaka vikapu vikafika nusu. Kisha nikamwambia nilimsahau mbele ya watu.

"Nilisikia, Mama," akasema. Mikono yake haikusimama.

Sikujitetea. Nikamuuliza Weldon alikuwa mtu wa namna gani nyumbani.

Alichuma mpaka tukafika mwisho wa mstari. Halafu akasema siku za kubeba mgonjwa alirudi mabega yamevimba, hawezi kuinua kikombe. Lakini kabla ya kula aliwaosha watoto miguu, mmoja mmoja, akiwauliza wametembea wapi leo.

Sikujua hilo.

Nikamwambia aendelee.